Nilifungulia choo mvuani, nikanyamaza

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu najijua. Nikipewa nafasi ya kueleza nitaeleza mpaka kosa ligawanyike kwa majirani, kwa mvua na kwa serikali ya mtaa, mwisho nibaki na kipande kidogo ambacho hata mtoto angekibeba. Kwa hiyo lisomeni zima kwanza. Nilimwaga kinyesi juu ya maji wanayokunywa watu. Nikajua kimefika kwenye maji. Nikanyamaza. Mtu amekufa.

Ningependa niseme nalia. Silii. Nakula, naoga, nasalimia watu njiani. Nimekuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa, unajua ni wako, lakini hausemi kitu.

Mimi ni kijana wa Mwanza. Mtaa wetu sitautaja, ila aliyefika mjini kwetu amewahi kuziona zile nyumba zilizopanda mlimani juu ya mawe hadi mtu unajiuliza mifuko ya saruji ilipandaje. Tunaishi huko, mimi na mama. Baba alishafariki. Nilimaliza chuo, nina shahada ya usimamizi wa rasilimali watu, na sijapata hata mtu mmoja wa kumsimamia. Kazi yangu kubwa imekuwa kufikiri. Nikitumiwa ujumbe wa "sawa" nafikiri siku nzima kama ile "sawa" ina hasira.

Sasa nieleze kuhusu vyoo vyetu, maana bila hapo hamtanielewa.

Kwetu choo hakichimbwi, kinajengwa. Chini ni jabali. Unakwangua udongo kidogo uliopo katikati ya mawe, unapandisha ukuta, choo kinakaa juu kama ghala la mahindi. Kinajaa haraka. Gari la kunyonya haliwezi kupanda, njia yetu ni ngazi za mawe, hata bodaboda wanakushusha dukani chini. Wapo vijana wanaotapisha kwa ndoo na mapipa na kuyabeba mabegani hadi chini, lakini ni gharama na ni aibu, mtaa mzima unajua leo kwa fulani kunatolewa.

Kwa hiyo choo cha kwetu kina tundu. Liko chini kabisa, upande wa bondeni. Limewekwa kipande cha bomba, na bomba limezibwa kwa matambara na udongo mzito. Fundi hulijenga bila kulitaja na mwenye nyumba haulizi. Inaponyesha mvua kubwa, ile inayotoka ziwani ikiwa nyeusi, unachomoa matambara. Maji yanabeba kila kitu, yanapita kwenye mawe, yanaingia mtaroni, yanakwenda ziwani. Kwisha.

Siku kama hiyo watu hawachunguliani. Kila mmoja anafunga dirisha lake. Nimekua na harufu ile ikiwa imechanganyika na harufu ya mvua, hata nilipokuwa chuoni, mvua ikinyesha bila ile harufu, nilihisi kuna kitu kimesahaulika.

Chini ya nyumba yetu kuna mawe mawili makubwa yaliyoegemeana, na katikati yake yanatoka maji. Tunayaita maji ya mawe. Bomba likikatika wote tunashuka pale na ndoo. Aliyekuwa akiitunza chemchemi ile ni Mama Kulwa, nyumba yake iko hatua chache tu kutoka hapo. Alikuwa anafagia majani, anafukuza watoto wanaotumbukiza miguu, anagombana na wanaofulia karibu. Hakuna aliyempa kazi hiyo.

Mama Kulwa alinilea. Mama yangu alikuwa anavuka kwenda Sengerema kununua mihogo mikavu ya kuuza, anakaa huko, na mimi nakula kwa Mama Kulwa na pacha wake wawili. Kulwa siku hizi yuko Geita. Doto, binti, alibaki na mama yake, ni fundi cherehani. Doto ndiye mtu pekee ambaye naweza kukaa naye nikawa sifikirii chochote. Ningemuoa, kama ningewahi kuacha kujiuliza atasema nini.

Basi mama akaamua kunifanyia sherehe ya kumaliza chuo. Ilikuwa imechelewa, lakini alikuwa ameahidi, na mama zangu wadogo wa Sengerema walishasema wanakuja. Jumatatu ilikuwa sikukuu, tukaiweka siku hiyo. Na choo kilikuwa kimejaa.

"Wageni wataingia wapi?" mama akaniuliza. "Dada zangu watoke Sengerema waje wakute kile kitu kinachungulia? Jumapili ikinyesha, ufungue."

Kabla ya hapo kazi hiyo aliifanya baba, baadaye tukawa tunamuomba jirani. Mimi sijawahi. Na kulikuwa na jambo jingine. Mpangaji wetu wa chumba cha nje, mchuuzi wa dagaa anayetoka visiwani, alikuwa ameharisha wiki ile. Aliharisha maji matupu. Tukampa chai ya rangi, akapata nafuu, akaenda zake. Na gari la matangazo lilikuwa limepita barabarani likisema kuna kipindupindu mwaloni, kwenye soko la samaki, chemsheni maji, naweni mikono kwa sabuni. Nililisikia. Mimi mwenyewe nililiandika tangazo lile kwenye kundi la simu la mtaa wetu, nikaongeza na maelezo. Walishanizoea, wananiita Bwana Afya.

Jumapili asubuhi mama akaenda kanisani. Mvua ikaja. Ilikuja kama ukuta, ziwa likapotea, kilima kizima kikawa kelele ya mabati.

Ningetaka niseme nilikataa, au nilifungua bila kufikiri kama watu wengine. Mimi nilisimama nyuma ya choo nimejifunika turubai, nafikiri. Nikafikiria mpangaji. Nikafikiria tangazo. Nikafikiria mama akirudi akute hakijafunguliwa, na mama mdogo, yule mkubwa wao, anavyojua kukunja pua. Nikajiambia wenzangu wa juu wameshafungua, kwa hiyo uchafu upo tayari, wangu utaongeza nini? Nikajijibu. Nikajijibu tena kinyume.

Nilifikiri mpaka mvua ikaanza kupungua. Na kule kupungua kukanitisha kuliko kitu chochote, kwamba nafasi inapita. Nikachomoa.

Jamani! Mtu anayefungua anatakiwa afungue mvua ikiwa kali. Mimi nilifungua inapokata. Vilitoka vizito, vikashuka polepole, na maji ya kuvisukuma hayakuwepo. Nikaviona vinakwenda mpaka pale juu ya mawe mawili, vinasimama, vinazunguka, kisha vinaanza kuzama kwenye ufa. Ufa ule nimeujua tangu utoto, tulikuwa tunatumbukiza kokoto humo na kusikiliza zinavyogonga chini, na Mama Kulwa anatufokea kwamba tunamchafulia maji.

Nikamwaga majivu juu yake. Sijui nilidhani majivu yatafanya nini.

Na msinielewe vibaya. Hata ningefungua mapema yangefika ziwani, na ziwani kuna watu wanaochota, wanaooga, wanaoosha vyombo. Hakuna namna ya kufungua ambayo ingekuwa sawa. Nasema tu nilivyofanya mimi.

Mama aliporudi akatazama choo.

"Umefungua?"

"Nimefungua. Lakini mama, yameingia kwenye maji ya mawe. Nimeona."

Akavua kitambaa cha kichwa taratibu. "Umeonaje na mvua ile?"

"Nimeona."

"Basi ya sherehe yachemshe," akasema. "Na usianze maneno yako. Kesho ni siku yako."

Bomba lilikuwa limekatika tangu katikati ya wiki, kwa hiyo maji yote ya sherehe yalikuwa ya pale. Nikawasha majiko matatu ya mkaa uani, nikapanga masufuria, nikawa nachemsha. Nilichemsha vizuri kabisa. Niliyaacha yatokote, nikafunika, nikapoza, nikamimina kwenye madumu niliyoyasuuza kwa maji ya moto. Mtu angenipiga picha ningewekwa kwenye bango.

Alasiri Mama Kulwa akapanda kuja kusaidia kuchambua mchele. Akawakuta akina mama wa jumuiya ya kanisani wamekaa kwenye mkeka na mama yangu, mimi nimezungukwa na mvuke.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba baba. Hee! Majiko matatu! Tunachemsha ng'ombe mzima?"

"Ni maji, mama."

"Maji? Yote haya?" Akawageukia wenzake. "Jamani, chuo kimemuharibu mtoto. Mtu na ndevu zake anaogopa maji. Huyu akioa atamchemshia mkewe mpaka ya kudekia."

Wakacheka. Mwingine akasema, "Bora huyo. Wangu hachemshi hata chai." Wakacheka zaidi. Mama yangu naye akacheka, kwa sauti ambayo si yake.

Nikampa Mama Kulwa kikombe cha yale niliyochemsha, yalishapoa. Akanywa funda moja, akakunja uso.

"Yana moshi haya. Mimi maji ya moshi siwezi, nitakunywa kwangu."

Kisha akachuchumaa karibu na jiko, akashusha sauti. Alikuwa na tabia hiyo, akishamaliza mzaha anakuuliza jambo kwa upole kama anayekupapasa kuona kama una homa.

"Lakini baba, niambie kweli. Wewe ndiye unayesoma mambo haya. Maji yana kitu?"

Nakumbuka mikono ya mama yangu ilisimama juu ya ungo.

Mnajua mtu anaweza kufikiri mambo mangapi kabla ya kujibu swali moja? Nilifikiri wale akina mama kwenye mkeka. Nilifikiri mama yangu ni mwenyekiti wa jumuiya. Nilifikiri nikisema yana kitu, swali linalofuata ni nani kafungua, na mimi ndiye Bwana Afya. Nilifikiri pengine nimekosea, pengine ufa ule hauendi kule, pengine maji yanajisafisha kwenye mchanga, niliwahi kusoma kitu kama hicho. Nilifikiri nitamwambia baadaye, tukiwa wawili, kwa maneno mazuri.

"Hayana kitu, mama," nikasema. "Ni wageni tu. Wametoka mbali, matumbo yao hayajazoea maji ya huku."

"Eeh. Hapo sawa." Akanipiga begani, akanishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, baba."

Akarudi kwenye mchele.

Jioni nikaandika ujumbe wa kuweka kwenye kundi. "Ndugu majirani, kutokana na mvua za leo..." Nikafuta. "Ndugu majirani, kwa tahadhari tu..." Nikafuta. Niliona kila sentensi inaninyooshea kidole. Nikajiambia nitauandika kesho baada ya sherehe, nikiwa nimetulia.

Sherehe ilikwenda vizuri. Nilivishwa taji la maua ya karatasi. Mama mdogo alisifu choo. Mama Kulwa alipiga vigelegele kuliko mama yangu, akasema mbele za watu kwamba mimi ni mtoto wake wa tatu na kwamba ugali wake ndio uliofaulu mitihani. Watu walikula, wakanywa maji yangu ya moshi, na katika wageni wale hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Jumanne asubuhi Doto akapanda ngazi anakimbia.

"Mama anaharisha tangu alfajiri. Sasa anatapika pia. Huna zile pakiti za chumvi?"

Sikuwa nazo. Ila nilijua namna ya kutengeneza: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Nilijua kila kitu. Nikatengeneza, nikateremka na chupa. Mama Kulwa alikuwa amelala kwenye khanga, macho yameingia ndani, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Kilichokuwa kinamtoka kilikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Misuli ya miguu inamkaza, anauma meno asipige kelele.

"Tumpeleke sasa hivi," nikasema.

"Nani ataniona hivi?" akasema. "Nichafuke njiani mbele za watu? Subirini nipate nguvu kidogo."

Tukasubiri. Hilo nalo liandikeni. Nilijua kwamba kipindupindu hakisubiriwi, kwamba mtu anaweza kukauka na kwisha siku hiyo hiyo, na nilisubiri kwa sababu sikutaka kusema neno kipindupindu. Doto angeniuliza kwa nini nimelifikiria haraka hivyo.

Aliposhindwa kunyanyua kikombe ndipo tukambeba kwenye kiti cha plastiki, mimi na jirani mmoja, ngazi kwa ngazi hadi kwenye bajaji. Kwenye kituo cha afya wakatupokea kwenye mahema ya nje. Vitanda vina tundu katikati na ndoo chini. Wakamtundikia dripu mikono miwili. Doto naye akaanza kutapika palepale getini, akapewa kitanda.

Muuguzi akaniuliza, "Mnatumia maji gani huko?"

"Ya chemchemi. Kati ya mawe."

"Mnachemsha?"

"Wengine."

Akaandika. Akasema watatuma watu waipime na kuitia dawa. Na mimi nikashukuru! Ona nilivyokuwa. Mtu aliyenilea anakauka mbele yangu, mimi nafurahi ndani kwamba jambo limeshafika serikalini, sasa sina haja ya kusema.

Waliniacha nikae naye kidogo baada ya kuninawisha maji ya dawa. Nikamfuta mdomo. Akafumbua macho.

"Wabeja," akaniambia.

Alifariki Jumatano kabla ya saa sita mchana. Moyo na figo, walisema, maji yalikuwa yamemtoka mno kabla ya kufika.

Hatukumzika kama anavyozikwa mtu. Walimfunga kwenye mfuko, wakampulizia dawa, wakaja wanaume wenye mabuti na glavu ndefu. Kulwa alisafiri kutoka Geita akaambiwa asimame mbali. Hakukuwa na matanga. Hakukuwa na chakula, hakukuwa na kulala msibani, watu waliambiwa warudi makwao. Mwanamke aliyepika kwenye misiba yote ya kilima kile, kwake hakikupikwa kitu. Mimi nilisimama nyuma ya kamba pamoja na wengine. Nilitazama mabuti. Nilikuwa nafikiri yataoshwa wapi.

Waliumwa wengine wa pale chini, wakapona. Chemchemi ikatiwa dawa na kuwekwa kibao cha onyo.

Siku ya mazishi nilimwambia mama, "Ni sisi."

Alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka. "Nyamaza. Kilima kizima kinafungua. Nani anajua ni cha nani?"

"Mimi najua."

"Hujui. Unafikiri. Wewe kazi yako ni kufikiri."

Na nusu ya akili yangu ikamshukuru, kwa sababu inawezekana ni kweli. Wengine wa juu walifungua pia. Huenda mpangaji wetu hakuwa na kipindupindu. Nimelizungusha hilo mara nyingi mno. Nikaona hata likiwa kweli halinisaidii. Mama Kulwa hakuniuliza ni cha nani. Aliniuliza kama maji yana kitu.

Nilikaa na jambo hili wiki kadhaa. Nilikuwa nikimpelekea Doto mkaa, unga, madumu ya maji niliyochemsha. Ananishukuru. Majirani wanamwambia una bahati, una kaka. Nilikuwa nafikiri pengine hivi ndivyo mtu anavyolipa, kidogo kidogo, bila kusema.

Siku moja nikamkuta ameketi kwenye cherehani, anashona sare za shule. Nikasimama mlangoni. Sikuwa nimepanga maneno. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kuzungumza bila kupanga. Nikamwambia yote, choo, mvua, ufa, majivu.

Aliendelea kukanyaga cherehani hadi nilipomaliza. Akakata uzi kwa meno.

"Siku ile unachemsha," akasema, "mama alipokuuliza. Ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeshajua."

Akaikunja ile sare. Akaikunja vizuri, kola juu.

"Mimi niliona moshi kwenu," akasema. "Nikasema, huyu hachemshi kiasi kile bure, na sisi tuchemshe. Nikabandika sufuria. Mama aliporudi akaiondoa jikoni. Akaniambia usimalize mkaa, nimemuuliza mtoto mwenyewe, amesema maji hayana kitu."

Nikaitazama ile sare.

"Alinywa vikombe viwili palepale. Alikuwa na kiu, alisema ya kwenu yana moshi." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ungenyamaza tu ingekuwa afadhali. Tungechemsha."

Hakupiga kelele. Hakunifukuza. Akachukua sare nyingine akaendelea. Nilisimama pale mpaka nikaona najaza mlango na ninamzuilia mwanga, nikaondoka. Mwezi huo akahamia Geita kwa pacha wake. Namba yangu ameifungia.

Mama hanisemeshi vizuri tangu alipojua nimemwambia Doto. Majirani wa juu nao wamejua. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaambia tuchange tuwaite vijana wa mapipa, tuzibe matundu kwa saruji. Wengine wamekubali. Wengi wameniuliza, wewe uliyeua ndiye unatufundisha? Ni mimi.

Nimeziba la kwetu. Mama alisimama akanitazama nikikoroga saruji.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, mnaoishi milimani na mnaoishi pembeni mwa ziwa. Choo kikijaa kitoeni kwa njia yake hata kama mtaa mzima utajua. Aibu ya mapipa inakwisha siku hiyo hiyo. Maji yawe ya bomba, ya mawe au ya ziwani, yachemsheni hadi yatokote, au yatieni dawa ya maji kama maelekezo yanavyosema, na myafunike. Naweni kwa sabuni mkitoka chooni. Mtu akiharisha maji matupu, mpeni maji ya chumvi na sukari mkiwa njiani, lakini muwe njiani. Msimsubiri apate nguvu. Hazipati.

Hayo mnayajua. Mimi nilikuwa nayajua yote, niliyaandika kwenye kundi.

Ninachotaka kuwaonya ni hiki. Ukiwa ndiye uliyesoma katika ukoo wenu au mtaa wenu, watu hawapimi maji, wanakuuliza wewe. Atachuchumaa mtu karibu na jiko lako, mtu anayekupenda, atakuuliza kwa sauti ya chini. Usijipe muda wa kufikiri. Sema yana kitu. Sema vibaya, sema ukitetemeka, mama yako akukate jicho, mkeka mzima ukugeukie. Yule aliyekuuliza ataondoka amekukasirikia, atafika kwake, atabandika sufuria jikoni, na kesho yake atakuja kukugombeza.